Teksi mpya niliianzia sakafuni

Wengi wakitaka kuboresha teksi hukimbilia viti na rangi. Mimi nilianza na sakafu, maana ndiyo inayoamua nani atapanda na kwa taabu gani.

Kipimo nilichoshika ni cha kiti cha magurudumu kinachotumika Uingereza katika kanuni za vyombo vya usafiri: urefu sm 120, upana sm 70, na sm 135 kutoka chini hadi utosini mwa aliyekikalia. Nafasi hiyo niliijenga kwa plaiwudi, saizi kamili, kwa sababu mchoro hauonyeshi viwiko. Mlango wa sm 75 unapitisha kiti vizuri tu, ila anayejisukuma mwenyewe anachubuka mikono. Nikaweka sm 80.

Rampu ni hesabu. Sakafu ikiwa sm 30 juu ya lami na rampu ina sm 120, mteremko ni 1 kwa 4: mkali, na kiti kinaweza kubinuka kinyumenyume. Ukiegesha kando ya njia ya miguu iliyoinuka sm 15, unabaki 1 kwa 8. Kuirefusha rampu hakusaidii sana. Inakuwa nzito na inaziba njia ya wapita kwa miguu. Afadhali ushushe sakafu.

Na isiwe fumbo kuifungua. Toyota ilipotoa JPN Taxi mwaka 2017, kumpandisha abiria mwenye kiti cha magurudumu kulihitaji hatua 63, malalamiko yakamiminika, na mwaka 2019 zikapunguzwa hadi 24. Dereva mwenye foleni nyuma yake hana subira ya hatua 63, tusidanganyane.

Milango ya abiria nilichagua ya kuteleza, ili isimfungukie mwendesha baiskeli. Reli ya chini hujaa mchanga: ifagiwe, isipakwe grisi nzito, maana hunasa vumbi na mlango unagoma.

Kioo cha kumtenga dereva ndicho kinacholeta ugomvi. Kikifungwa karibu mno, kiti cha dereva hakirudi nyuma na dereva mrefu anashinda kutwa amekunja magoti. Kwa hiyo sukuma kiti hadi mwisho wa reli, laza mgongo wake kiasi, ndipo upime pa kufunga kioo. Kioo hichohicho huzuia ubaridi wa kiyoyozi, hivyo nyuma panahitaji matundu yake ya hewa na feni, swichi ikiwa upande wa abiria.