Nilivyofanikiwa kukusanya aya zinazofuatana kwenye XSLT, baada ya kupotezwa siku mbili

Acha niandike hii mapema, ni kuhusu XSLT, ile lugha ya kugeuza XML kuwa kitu kingine kama HTML, maana nimehangaika nayo siku kama mbili hivi, na nusu ya muda huo umeliwa na ushauri wa watu wanaojibu kabla hawajasoma swali.

Nilikuwa na faili la XML lililotoka kwenye programu ya kuandikia, kurasa kama mia mbili, na ndani yake hakuna orodha hata moja. Kila kitu ni aya tu, mambo ya orodha yanajulikana kwa atributi:

<aya>Maandalizi ni haya:</aya>
<aya aina="nukta">Soma maelezo</aya>
<aya aina="nukta">Hifadhi nakala</aya>
<aya>Ukimaliza, endelea.</aya>
<aya aina="nukta">Fungua faili</aya>

Nilichotaka ni HTML ambayo zile aya mbili za juu za aina ya nukta zinakaa kwenye ul yao (lebo ya HTML ya orodha), inafuata aya, halafu ile nukta ya chini inapata ul yake.

Nikaambiwa tumia mbinu ya Muench, ile ya xsl:key na generate-id(). Ni mbinu safi, kaibuni Steve Muench, na kwa kazi yake kwenye XSLT 1.0 naiheshimu sana. Lakini kazi yake ni kukusanya vitu vyenye thamani moja popote vilipo kwenye dokumenti, haijali nani kakaa jirani na nani! Nikaendesha, nikafungua matokeo, nukta zote kuanzia sura ya kwanza mpaka ya mwisho zimerundikana kwenye orodha moja pale ilipotokea nukta ya kwanza, na sura zingine zote zimebaki na "Maandalizi ni haya:" halafu chini patupu.

Mwingine akasema andika lebo ya kufungua ul kama maandishi tu, uweke disable-output-escaping ili alama za lebo zisigeuzwe kuwa maneno ya kawaida. Usifanye hivyo kabisa. XSLT inajenga mti, haiandiki lebo moja moja, na hiyo disable-output-escaping inafanya kazi mwishoni tu pale mti unapoandikwa kuwa faili. Mimi matokeo yangu yalikuwa yanapitia stailishiti ya pili (faili jingine la XSLT) kwanza, kwa hiyo ukurasani ikatokea <ul> imeandikwa kama maneno.

Kilichofanya kazi kwenye 1.0 ni kutembea jirani kwa jirani. Nukta ambayo jirani yake wa juu si nukta ndiyo inafungua ul, halafu templeti (kanuni ya kugeuza kipengele) ya mode nyingine inaandika li (lebo ya jambo moja la orodha), inamwita jirani anayefuata, naye anamwita wa kwake, mpaka anatokea asiye nukta. Sasa angalia hapa kwa makini maana hapa ndipo mchana wangu mzima ulipoishia:

following-sibling::*[@aina='nukta'][1]
following-sibling::*[1][@aina='nukta']

Zinafanana, eti? Ya juu inatafuta nukta ya kwanza popote huko mbele, kwa hiyo inaruka aya ya kawaida na kuivuta "Fungua faili" ndani ya orodha ya juu. Ya chini inamshika jirani wa kwanza kabisa ndipo inamuuliza, wewe ni nukta? Unayoitaka ni ya chini. Nilipogeuza mabano tu, orodha zote zikakaa sawa, nilishusha pumzi.

Baadaye nikapata ruhusa ya kutumia Saxon (prosesa, yaani programu ya kuendesha XSLT, inayojua matoleo ya baada ya 1.0), na kumbe tangu XSLT 2.0 ya mwaka 2007 jambo hili lina njia yake kabisa:

<xsl:for-each-group select="*" group-adjacent="string(@aina)">

Ndani unaweka choose (ya kuchagua kwa masharti), ukiuliza current-grouping-key() kama ni 'nukta' unazungusha ul kwenye current-group(), vinginevyo unaipitisha ilivyo. Ile string() usiitoe, aya isiyo na atributi itakuwa haina ufunguo (thamani ya kukusanyia) na prosesa itagoma. Na usiandike node() badala ya nyota, nafasi tupu kati ya aya nazo ni nodi, zitakukatia kila nukta iwe na ul yake. Wapo wanaotumia boolean() kama ufunguo, inaenda vizuri mpaka siku orodha ya nukta ifuatwe palepale na orodha ya namba, zote mbili zinaunganishwa kuwa kitu kimoja, mimi nabaki na string().

Kama unategemea brauza au xsltproc (prosesa nyingine ya XSLT), hizo ni za 1.0, basi kaa na njia ya jirani, ni ndefu lakini ni sahihi.

Zilibaki sehemu mbili ambapo orodha mbili za nukta zimegusana bila aya katikati. Hapo hakuna ufunguo wa kuzitenganisha, data yenyewe haisemi, kwa hiyo nilifungua XML nikabadilisha aina ya orodha ya pili kwa mkono ikawa "nukta2", nikaongeza when yake kwenye choose, nikaendesha upya.