Nani anawapikia?

Ni Jumapili usiku, na tangu Alhamisi silali vizuri kwa sababu ya maneno mawili.

Nina shangazi Kirumba, Mwanza. Nilimpelekea sukari na sabuni pale sokoni Mwaloni, nikamkuta anageuza dagaa juani, nikajisahau nikaanza kumsomea Kikosi, hadithi ninayoiandika, kwenye simu. Sura ya 14, ile ninayojivunia: kapteni (ndiyo, ni mimi, sikatai) anawapigisha mazimwi kwata kwa mara ya kwanza. Mmoja nyayo zake zinatazama nyuma, akisikia "mbele tembea!" anarudi bwenini. Jini akiitwa jina anaona aibu, anatoweka. Shing'weng'we, yule zimwi wa hadithi ya Wasukuma, ambaye mshono wa tumboni haujapona tangu shujaa Masala Kulangwa ampasue, anaomba ruhusa asiiname.

Nikangoja acheke. Shangazi akapangusa mikono kwenye khanga.

"Na nani anawapikia?"

"Shangazi, hawa ni mazimwi."

"Nimesikia. Mazimwi arobaini. Nani anawapikia?"

Nikamwambia nitaangalia. Nitaangalia! Kama fundi cherehani aliyeulizwa suruali ya watu.

Kuanzia hapo nimemjibu mara mia kichwani. Nimemjibu kwenye daladala, nimemjibu nikioga, nimemjibu kwa adabu na kwa ukali, na kuna jibu moja ambalo kalicheka mpaka kikapu kikamwagika. Wiki hii dada kajifungua salama na bosi katangaza duka linahamia Buzuruga, na katika yote mawili sikumbuki nilisema nini.

Kinachouma ni kwamba ana haki. Sura 14, vita vitatu, na hakuna aliyemeza hata tonge. Shing'weng'we mwenyewe, aliyemeza watu na mifugo ya nchi nzima!

Jana umeme ukakatika, nikakaa gizani, ndipo nikakumbuka. Kabla ya dagaa za kuuza, shangazi alikuwa mpishi wa kambi ya wavuvi kisiwani Kome. Alikuwa akituhadithia siku za mbalamwezi, karabai za kuvutia dagaa hazina kazi na mitumbwi imelala ufukweni: hizo ndizo siku za ngumi. Wanaume wenye wake wawili wanashikana mashati kwa ajili ya ukoko. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Mazimwi wangu kutwa wanapigana na adui, hawajawahi kukaa bure wakingoja sufuria.

Na mpishi nimempata. Yule bibi wa hadithi ya Shing'weng'we! Zimwi lilipopasuliwa na watu wakatoka hai, kisu kilimkata sikio bibi mmoja, naye badala ya kushukuru akakasirika. Sasa yuko jikoni kwangu na sikio lake moja, na kwenye foleni anasimama mwenye tumbo alimotolewa. Anampakulia wa mwisho, kwa mwiko mdogo, bila mchuzi. Zimwi anashika sahani kwa mikono miwili na kusema ahsante mama. Nimeandika kurasa sita bila kunyanyua kichwa, simu ikazima chaji.

Shangazi sijamsomea bado. Naogopa atauliza kuni zinatoka wapi.

Halafu jambo lingine: mvua ya alfajiri imechimba udongo chini ya jiwe lililo nyuma ya choo cha nyumba ninayopanga. Wiki iliyopita nilipoingiza mkono chini yake vilipita vidole tu. Leo mkono umeingia mpaka kwenye kiwiko. Mwenye nyumba anasema liko hapo tangu enzi za babu yake.