Jumamosi ya mishale, Sinza

Kochi lilitoka kwanza. Likakaa barazani chini ya turubai, maana mvua ya masika ilikuwa haijaamua kunyesha wala kuondoka. Ilikuwa Jumamosi ya Aprili 2022, kwenye chumba cha gemu nyuma ya duka la fundi simu, Sinza, Dar es Salaam. Kochi na meza ya PlayStation vilipotoka, tepu ya fundi cherehani ikasoma mita mbili na nusu kwa mbili na kidogo. Quest 2, kifaa cha VR (uhalisia pepe) kinachovaliwa usoni kama miwani na kukuingiza ndani ya gemu, inaomba angalau mbili kwa mbili ili mtu atembee kwa miguu yake mwenyewe. Pungufu ya hapo unacheza umesimama kama mlingoti, na gemu ya kuigiza uhusika ukiwa mlingoti inapoteza nusu ya utamu.

Tulichokiogopa zaidi ni feni ya dari. Gemu iliyokuwa inasubiriwa ni Skyrim, nchi ya kubuni ya mapanga na pinde, na mle ndani upinde huchomolewa nyuma ya bega na panga huinuliwa juu ya kichwa. Mtu wa urefu wa kawaida akinyoosha mkono wenye pedi kwenye dari fupi kama ile, anakutana na panga la feni. Tukaizima swichi ukutani, tukabandika karatasi juu ya swichi ili asije mtu akaiwasha kwa huruma ya joto, tukaweka feni ya kusimama kwenye kona. Hiyo ya kona ina kazi mbili. Inakausha jasho, na upepo ukikugusa shavu la kulia muda wote mwili unajua chumba kimeelekea wapi hata kama macho yako yapo mlimani penye theluji.

Pazia zito dirishani, maana jua likipita kwenye lenzi zile kwa dakika chache tu huichoma skrini kama kioo cha kukuza kinavyochoma karatasi, na doa hilo halitoki. Kioo kikubwa kilichoazimwa saluni kikafunikwa kanga, kwa kuwa kamera nne za usoni mwa Quest hutazama chumba ili zijue kichwa kiko wapi, na kioo kinazionyesha chumba cha pili kisichokuwepo. Taa tukaiacha inawaka. Gizani kamera hazioni kitu. Kwenye mipangilio tukaacha kubahatisha, tukaiambia wazi kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, kwa sababu mwanga wa taa hupepesa kwa kufuata umeme na kamera zikikosana nao picha inatetemeka.

Skyrim si gemu mpya. Ile ya kawaida ilitoka Novemba 2011, toleo la VR likaja PlayStation Novemba 2017 na kompyuta Aprili 2018. Picha zake zinaonyesha umri huo, mawe mengine ni kama maandazi. Lakini gemu nyingi zilizotengenezwa kwa VR tangu mwanzo zilikuwa fupi au chumba kwa chumba, na kwa anayetaka kuchagua awe nani, avae nini, amsaidie nani na amkwepe nani, hatukuwa na nchi nyingine pana kiasi hicho ya kuingia kwa miguu. Quest 2 peke yake haiiwezi. Kazi yote inafanywa na kompyuta, na yetu ilikuwa laptop yenye kadi ya picha ya RTX 3060.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ulikwenda kwenye waya wa kuunganisha Quest na kompyuta, na modi, yaani nyongeza za gemu zinazotengenezwa na mashabiki. Waya wa kwanza muuzaji aliapa kuwa ni USB 3, ile ya kasi. Kipimo kilichomo ndani ya programu ya Quest kikasema vingine, na hata bila kipimo majani ya miti yalikuwa yanakatika vipande vya mraba kila unapogeuza kichwa. Ukichungulia plagi ile pana utaona: ya USB 2 ina vipini vinne tu, ya USB 3 ina tisa, vinne mbele na vitano nyuma yake. Tuliupata wa pili, wa mita tano. Kwa nini hatukutumia ruta? Njia ya hewani inataka ruta ya GHz 5 iliyo chumba kimoja nawe, na kompyuta iunganishwe kwenye ruta kwa waya. Umeme ukikatika ruta inakufa hapo hapo. Laptop ina betri. Hesabu ilikuwa nzuri, ila haikukamilika, na jioni tuliilipia.

Modi zilikuwa chache. SKSEVR toleo la 2.0.12 ndiyo mlango wa nyingine zote, na kosa la kila mgeni ni kuiweka kwenye folda ya Data. Faili yake ya kuwashia na zile za dll (vipande vya programu) zinakaa folda moja na SkyrimVR.exe, na gemu unaiwashia hapo, siyo kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni. Juu yake tukaweka VRIK, inayokupa kiwiliwili na miguu, na HIGGS, inayokuwezesha kushika vitu kwa vidole badala ya kuvibonyeza. Ukiona gemu inazimika kabla hata ya menyu, kwanza shuku modi iliyotengenezwa kwa Skyrim ya kawaida, hasa zenye dll. Majina yanafanana, VR haizitambui.

Wa kwanza kuvaa alikuwa dogo wa chuo, bingwa wa FIFA wa mtaa mzima. Tukamwambia aanze na kuruka kwa nukta, ambapo unaonyesha mahali na kutokea hapo. Akakataa. Alitaka kutembea kwa kijiti, kugeuka taratibu bila kukatwa, na kile kichujio kinachoziba pembe za macho ukiwa kwenye mwendo akakizima. "Hivyo ni vya wazee, braza."

Skyrim inaanza juu ya mkokoteni. Umefungwa mikono, farasi wanavuta, njia inapinda, na wewe huendeshi chochote. Kwa kichwa cha mtu hakuna mwanzo mbaya kuliko huo. Macho yanasema tunakwenda, tunayumba. Sikio la ndani, lenye maji yanayopima mwendo, linasema mbona tumesimama Sinza. Dereva wa daladala hatapiki kwa kuwa anajua kona inakuja, abiria wa siti ya nyuma ndiye anayeumia, na dogo alikuwa abiria. Dakika ya saba alianza kumeza mate. Dakika ya kumi hivi jasho la baridi likamtoka kwenye mdomo wa juu, na hapo ndipo pa kuvua, siyo dakika tano baadaye. Ubishi haujengi uzoefu, unaufundisha mwili kuchukia kifaa. Tulimvua, akakaa barazani kwenye kochi na soda ya tangawizi, akarudi kuwa mtazamaji kwa saa mbili. Baada yake hakuna aliyepandishwa tena mkokoteni. Tulihifadhi gemu kwenye mdomo wa pango la kutokea Helgen, mji mkokoteni unakoishia, wengine wakaanzia hapo.

Fundi simu yeye aliona vitu viwiliviwili. Anavaa miwani, kwa hiyo kile kipande cha plastiki cha kusogeza lenzi mbali na uso kilikuwa kimeshawekwa, kisipokuwepo vioo vinasuguana na lenzi zinachubuka. Shida ilikuwa umbali kati ya mboni. Tukachukua rula, akasimama mbele ya kioo cha saluni, kanga pembeni, rula imelala juu ya nyusi. Unafumba jicho la kulia, unaweka sifuri kwenye mboni ya kushoto, unafumba la kushoto, unasoma kwenye mboni ya kulia. Milimita 67. Quest 2 ina nafasi tatu tu, 58, 63 na 68, na sisi tulikuwa tumeiacha ya kwanza. Tukazisukuma lenzi hadi namba 3, vitu vikarudi kuwa kimoja kimoja.

Huyu hakupigana na mtu. Aliingia kijiji cha Riverwood, akaingia nyumba ya watu, akashika kinara cha mshumaa, akakigeuza chini juu kutafuta kilivyounganishwa. Robo saa nzima. Kisha akakipitisha nyuma ya bega na kukiachia, maana HIGGS hukitia begani kila unachoachia hapo, akawa mwizi bila kujua. Kwenye skrini ya kawaida mwenzetu huyu huwa shujaa wa mapanga. Alipopewa mikono akawa fundi. Hilo ndilo gemu hizi zinazo na nyingine hazina: tabia haichaguliwi kwenye orodha, inatokea viungoni.

Dada msusi wa saluni ya jirani alikuja kudai kioo chake. Hajawahi kushika pedi ya aina yoyote, na hilo likawa faida kwake, maana hakuwa na mazoea ya vitufe ya kuyasahau. Rasta zake ndefu tulizipitisha katikati ya pembetatu ya mkanda wa nyuma, mkanda ukashika fuvu chini ya kisogo badala ya kuteleza juu ya nywele. Kilemba cha pamba kikakaa chini ya sponji usoni kunyonya jasho, lenzi zisipate ukungu.

Jambo la kwanza alitazama miguu yake.

"Hivi viatu vya manyoya nani kanivalisha?"

La pili, hakuweza kutembea vizuri. Anajikokota kama anayenyatia, kila mahali. Tulidhani modi imeharibika. Kumbe tuliwasha kunyatia kwa mwili, ambapo ukichuchumaa na mhusika anachuchumaa, na kimo kilichohifadhiwa kilikuwa cha fundi. Dada ni mfupi kwake kwa zaidi ya kichwa, gemu ikaamini amechuchumaa muda wote. Kila mtu mpya apimwe upya akiwa amesimama wima, macho mbele, na mstari wa sakafu uguswe kwa pedi. Inachukua nusu dakika, na tuliisahau.

Kisha upinde. Mkono mmoja unashika upinde, mwingine unaleta mshale, unabana kifyatulio, unavuta, unaachia. Alivuta hadi nyuma ya sikio kama kwenye picha za wawindaji, na kila alipofika huko mkono wa ndani ya gemu ukaelea kando kama puto. Kamera ziko mbele ya uso, nyuma ya sikio hazifiki. Pedi ikitoka machoni mwao kifaa hukisia kwa muda mfupi kwa vipima mwendo vya ndani ya pedi, halafu makisio yanapotea njia. Dawa ni kuvuta hadi shavuni tu, kiwiko kikae nje, na kuachia mapema. Bado mishale ikaenda ovyo. Dogo, kutoka barazani, ndiye aliyeona: "Dada, kalamu unashikia mkono gani?"

Mshoto. Tukabadili mkono kwenye mipangilio, upinde ukahamia kulia. Mshale wa kwanza ukagonga mti aliouchagua.

Baada ya hapo chumba kilinyamaza. Alishuka njia ya kwenda mtoni, akasikia mbwa mwitu kabla ya kumwona, akapiga goti pale kwenye sakafu ya saruji, akasubiri. Mshale ukampata shingoni. Hakushangilia. Alibaki goti chini, upinde ameushusha, anageuza kichwa polepole kutafuta wa pili, maana, alisema baadaye, mbwa hawatembei peke yao. Alipofika kijijini akasogea pembeni kumpisha kuku. Kwenye nyumba ya wageni akamwambia mwenye kaunta "habari za jioni", akangoja jibu. Jibu halikuja. Ipo modi inayokuruhusu kuzitamka sentensi za mazungumzo kwa mdomo badala ya kuzichagua, lakini inategemea usikivu wa sauti wa Windows, na Kiswahili hakimo. Kwa maoni yetu hapo ndipo palipokuwa na akiba kubwa ambayo wakati ule ilikuwa haijaguswa: picha zilitosha tayari, kilichokosekana ni mhusika anayeitikia salamu. Dada hakujali, akataka kuegemea kaunta wakati anawaza. Kaunta haipo. Fundi alimdaka kiwiko. Kuanzia hapo mtu mmoja alisimama nyuma ya mchezaji muda wote, ameshika waya ili mchezaji asiukanyage.

Dada alikuwa anapanda mlima kuelekea Bleak Falls Barrow, makaburi ya kale ya mle ndani, majambazi wawili kwenye mnara, mshale mkononi, umeme ukakatika. Feni ya kona ikanyamaza. Laptop haikuzima, kama tulivyopanga. Ila laptop ikiwa kwenye betri huibana kadi ya picha, na hiyo hatukuiweka kwenye hesabu. Kwa hezi 72, yaani picha (fremu) 72 kwa sekunde, kila fremu ina takribani milisekunde 14 tu za kuwa tayari. Ikichelewa, mfumo unashuka hadi fremu 36 na kuzibuni nyingine katikati. Ikishindwa hata hizo 36, dunia inachelewa nyuma ya kichwa chako.

"Mbona milima inanata?"

"Fumba macho, dada. Fumba sasa hivi, usigeuze kichwa."

Tulimvua akiwa amefumba, fundi akahifadhi gemu kwa tochi ya simu. Kichefuchefu hakikumpata. Aliuliza tu kama wale majambazi walishamwona, au akirudi bado atakuwa na nafasi ya kwanza.

Umeme ulirudi saa nne usiku. Quest ilikuwa na asilimia 9, maana USB ya laptop inachaji polepole kuliko gemu inavyokula. Tukaifuta lenzi kwa kitambaa kikavu bila spiriti, tukaifunga kwenye mfuko mweusi mbali na dirisha. Kwenye daftari la chumba, chini ya jina la saluni, iliandikwa: lenzi namba 2, mshoto, kimo apimwe yeye, kugeuka kwa digrii 30, kichujio nusu, dakika 50, hakuumwa, Jumatatu saa mbili usiku akifunga, aje na kilemba chake, kioo kirudishwe kesho.