Siku yangu huanza saa 5 usiku: prodyuza wa habari za alfajiri, Cedar Rapids

Saa 5:00 usiku. Wenzangu nyumbani wanaingia kulala, mimi nafunga kamba za viatu. Ni prodyuza wa kipindi cha habari za alfajiri katika kituo kimoja cha televisheni hapa Cedar Rapids, Iowa, mji wa watu wapatao 137,000. Kwenye kioo hamtaniona. Mimi ndiye ninayeamua habari ipi itangulie, ipi ipewe sekunde 20, na ipi itupwe.

Ukishuka kwenye gari katikati ya mji unapokelewa na harufu tamu ya nafaka kutoka kiwanda cha Quaker Oats. Kwa jina la heshima huu ni Mji wa Majira Matano, ila wenyeji kwa utani wanauita Mji wa Harufu Tano. Leo imenuka vizuri.

Saa 5:30. Prodyuza wa jioni ananikabidhi zamu: kikao cha baraza la jiji kimeisha, moto wa ghala umezimwa, hakuna aliyeumia. Anaondoka. Mezani inabaki skana, redio inayonasa mawasiliano ya polisi na zimamoto, inayojisemea yenyewe usiku kucha. Baada ya mwaka mmoja masikio yanazoea. Hustuki mpaka sauti ya anayeongea ibadilike.

Saa 6:00 hadi saa 8:00. Naandika. Hii ni lugha ya sikio: sentensi ikinikata pumzi nikiisoma kwa sauti, itamkata na mtangazaji. Kompyuta inahesabu maneno na kunipa sekunde zake. Kipindi ni cha saa mbili, lakini hakuna anayekitazama saa mbili. Mtu anaangalia dakika 15 huku akitafuta soksi za mtoto, anatoka. Ndiyo maana habari kubwa inarudi mara nne, kila mara kwa maneno mengine kidogo. Bei ya mahindi na soya nayo haikosi, hapa ni Iowa. Binamu yangu wa Kasulu alicheka nilipomwambia: "Umevuka bahari kwenda kutangaza bei ya mahindi?"

Nachungulia pia wenzetu wana nini. Soko letu linaunganisha Cedar Rapids, Waterloo, Iowa City na Dubuque, na wanaoligombania ni vituo vya KCRG, KGAN na KWWL. Halafu kuna gazeti, The Gazette, lililoanza 1883. Wakiwa na kitu ambacho sisi hatuna, asubuhi nitaulizwa mimi.

Saa 8:10 usiku. Mtaalamu wa hali ya hewa anaingia na kikombe chake, hata salamu hamalizi. Kituo cha kutabiri dhoruba kule Norman, Oklahoma, kimetoa "tornado watch" kwa kaunti zetu mpaka asubuhi. Mpangilio wangu wote unavunjika. Namsogeza yeye juu, baraza la jiji linashuka.

Hapa niseme jambo ambalo halimo kwenye mkataba wangu. Mimi ni mtoto wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na mji huu una familia nyingi za Kikongo na Kirundi ambazo habari zao huzipata kwa Kiswahili, kwenye simu. Kwa hiyo nina kundi la WhatsApp la wamama wa majengo matatu, na huwa nawarekodia sauti.

Shida ni hiyo "watch" na "warning". Ya kwanza maana yake hewa inaweza kuzaa kimbunga. Ya pili, kimbunga kimeonekana, kwa macho au kwenye rada. Kwa Kiswahili ukisema "tahadhari" kwa la kwanza na "onyo" kwa la pili, mama anayetoka alfajiri kwenda zamu ya usafi hatajua lipi ni la kukimbia. Nilijaribu njia nyingi. Siku hizi nasema hivi: "Mawingu yanapika, kaeni na simu" na "Kimeiva, shukeni chini sasa hivi." Hawajawahi kuniuliza maana yake.

Nililijifunza hili Agosti 10, 2020, nilipokuwa bado chuoni. Siku ile derecho, dhoruba ya upepo mkali unaovuma kwa mstari ulionyooka, ilipita hapa mchana, upepo uliokadiriwa kufika maili 140 kwa saa, na zaidi ya nusu ya miti ya mji ikaenda. Umeme hakuna, simu hakuna. Familia za wakimbizi ambazo nyumba zao zilibomoka zililala kwenye mahema nje ya majengo yao. Watu walikaa ndani ya magari kusikiliza redio, na redio ilisema Kiingereza. Shangazi yangu aliniuliza, "Wanasema nini?" kutwa nzima.

Saa 11:00 alfajiri. Tuko hewani. Kamera za studio zinaendeshwa kwa mashine, hakuna mpigapicha. Mimi niko chumba cha kuongozea, napiga hesabu kutoka mwisho wa kipindi kuja nyuma, maana hatuwezi kumaliza hata sekunde mbili pungufu.

Saa 11:36 ripota wetu yuko kando ya barabara na begi la kurushia matangazo, linalotumia mitandao ya simu. Picha inaganda mdomo ukiwa wazi. Nina tundu la sekunde 90. Namwambia wa hali ya hewa sikioni, "Jaza." Anageukia rada kana kwamba alipanga. Watu wa hali ya hewa ndio wanaotuokoa kila siku, na ndio wanaotukanwa kwenye simu wakikatiza tamthilia ya mtu.

Safari hii hakujaza tu. Saa 11:41 ofisi ya hali ya hewa ya Davenport ilitoa "warning" kwa upande wetu wa kaskazini. Nikashika simu kwa mkono wa kushoto: "Kimeiva, shukeni chini sasa hivi, chumba cha kufulia, mbali na madirisha." Mkono wa kulia ulikuwa unafuta habari tatu.

Saa 12:15 ikaondolewa. Kimbunga hakikugusa ardhi.

Saa 1:00 asubuhi. Mtandao wa televisheni wa New York unachukua kioo, sisi tunabaki na vipande vidogo vya kuchomekea. Kikao kifupi, lawama ya begi lile, nyumbani. Saa 3 nilikuwa nimelala.

Saa 3:40 simu. Jumbe 14. Wa mwisho ni sauti ya mama wa ghorofa ya tatu, mashine ya kufulia ikinguruma nyuma yake: "Mwanangu, sisi bado tuko huku chini na watoto. Je, tupande?"

Nilikuwa nimesahau kuwaambia imekwisha.

"Pandeni, mama. Nisameheni. Pandeni."

"Haya. Nguo tumeshafua."