Kiwiko cha mama

Bwana asifiwe, wapendwa.

Nilikuwa nimeshaandaa neno la juma hili, Yakobo sura ya kwanza juu ya wajane. Lakini Jumanne nilipanda basi kwenda Katuba kumsalimia mama, na tangu siku ile sijaweza kuandika kingine.

Nilimkuta uani karibu na mbabula, lile jiko letu la makaa, amejifunika kitenge mpaka shingoni kwa baridi hii ya mwezi wa sita. Nilipomkaribia aliinua mkono wa kuume, akaukunja, akanipa kiwiko.

Mnakumbuka salamu hiyo ilianza lini. Mgonjwa wa kwanza wa korona katika nchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, na tarehe 24 Rais akatangaza hali ya dharura. Wakati huo nilikuwa tayari nahudumia wazee, katika nyumba ninayofanya kazi hadi leo hapa Lubumbashi. Habari za Ubelgiji zilitufikia kila usiku kwa simu: zaidi ya nusu ya waliokufa kule katika wimbi la kwanza walikuwa wakaaji wa nyumba za wazee kama yetu. Tuliogopa sana. Tulifunga lango, tukaweka ndoo yenye robine mlangoni. Nami nikaenda Katuba, nikasimama mbali, nikamwambia mama: usimpe mtu mkono, hata mimi, toa kiwiko. Alicheka. Nilimrudishia neno hilo mara tatu mpaka akashika.

Siku hizi mama anasahau. Hakumbuki kama amekula bukari, na ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Kiwiko hajakisahau. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona duniani imekwisha, lakini hakuna aliyekwenda Katuba kumwambia mama. Mimi nilikuwa nakwenda, ndiyo. Naleta unga na makala, nasimama robo saa, kiwiko, kwaheri. Miaka yote hiyo nimepokea kiwiko chake bila kukiona.

Kinachoniuma ni kwamba kazini nilikuwa najua. Tulikuwa na nkambo mmoja, ndivyo tunavyowaita wazee wetu, mfanyakazi wa shaba tangu ujana, ambaye kelele za tanuru zilimaliza masikio yake. Alikuwa akitusikia kwa kutazama midomo. Tulipovaa maski, tulimfungia njia hiyo moja iliyokuwa imebaki. Siku tatu alikataa chakula, nasi tukadhani ameugua. Mwenzangu mmoja ndiye aliyeelewa: alivuta kiti akakaa mbele yake, akaweka kiganja juu ya mkono wake, akangoja. Akangoja tena. Nkambo alipoinua macho, akamwonyesha kijiko, na kinywa kikafunguka. Tangu hapo sisi sote tukafanya hivyo: kwanza uso kwa uso, kisha mkono, ndipo kazi. Usimguse mzee kutoka nyuma. Ukimkausha baada ya kuoga, gandamiza taulo, usisugue, maana ngozi yake inachanika upesi. Tulinawa mikono mpaka ikapasuka, ili tuweze kuwagusa.

Bwana alimwambia Petro, "utakapokuwa mzee, utainyosha mikono yako, na mwingine atakufunga." Najua Yohana anasema neno hilo lilihusu kifo chake. Lakini mimi kila asubuhi naiona mikono hiyo ikinyoshwa, inatafuta mikono ya sweta, na ni lazima mtu aipokee. Yule mwenye ukoma katika Marko angeweza kutakaswa kwa neno tu, kama alivyopona mtumishi wa yule akida. Bwana alinyosha mkono akamgusa kwanza, angali na ukoma wake.

Sasa nasema na sisi wa ushirika huu, nikianza na mimi ninayelipwa kwa kazi hii. Mwaka 2020 makanisa yalifungwa toka Machi hadi tarehe 15 Agosti. Tulifunga na kuomba milango ifunguliwe, ikafunguliwa, tukaijaza siku ileile. Lango la nyumba yetu ya wazee nalo lilifunguliwa. Kikundi cha mama waliokuwa wakija kila Alhamisi kuimba na kuwasuka nkambo nywele hakijarudi hata leo. Mnatuma pesa kwa simu, nazo zinanunua sabuni na dawa, Mungu awabariki, msiache. Lakini ni nani atakayewasuka? Mzaburi analia, "Usinitupe wakati wa uzee." Sisi hatukuwatupa. Tuliwaweka mbali kwa muda, kwa upendo kabisa, halafu hatukurudi kuwachukua.

Jumanne nilikishika kiwiko cha mama, nikaanza kuukunjua mkono wake polepole. Akauvuta. "Utaugua, mwanangu." Basi nikaomba beseni na sabuni, nikanawa mbele yake, polepole, akiangalia kila kidole. Akanipa viwili kwanza. Baadaye kidogo akanipa mkono wote, na nilikaa nao mpaka makala yakawa majivu.

Alhamisi hii saa nane nitakuwa langoni kuwapokea. Mwenye mafua abaki nyumbani, aje juma lijalo. Wengine njooni na vitana na mafuta ya nywele, wala msiwe na haraka ya basi la kurudi.