Makofi ambayo Beethoven hakuyasikia

Nimetoka kusikiliza Simfonia ya Tisa ya Beethoven, okestra na kwaya kamili, na viganja bado vinaniwaka moto. Sehemu ya pili ilipoisha, watu wachache walipiga makofi, wakakatwa jicho na waliowazunguka, maana siku hizi desturi ni kungoja hadi mwisho. Mimi nilikuwa upande wa waliopiga makofi. Enzi za Beethoven watu walishangilia katikati bila aibu, na mtu akiguswa atajizuiaje?

Kwaya ilingoja sehemu tatu nzima. Kisha mwimbaji wa besi akasimama peke yake, na sauti zote zilipomfuata, mzee aliyekuwa kando yangu akavua miwani, akalia waziwazi. Mbele yetu binti mdogo alikuwa amemshika mama yake mkono, mdomo wazi.

Noti ya mwisho haijafifia, ukumbi mzima ukasimama! Nikakumbuka Vienna, tarehe 7 Mei 1824, simfonia hii ilipopigwa mara ya kwanza: Beethoven, kiziwi, amewapa hadhira mgongo, mpaka mmoja wa waimbaji akamgeuza aone makofi na vitambaa vikipepea. Nikapiga makofi tena. Yule mzee naye hakuwa ameacha.