Konda anaita "Dampo" na dampo lenyewe lilishafungwa zamani

Ukipanda daladala za Tabata kuna kituo konda anauliza "Dampo wapo?", mtu anajibu "shusha", gari linasimama. Hilo jina nimelisikia toka niko sekondari na sikuwahi kulifikiria, kwangu lilikuwa kama Bima au Mawenzi au Kimanga, jina la kituo basi. Mpaka mwezi uliopita kwenye mkutano wa mtaa wetu (mtaa wenyewe sitautaja), tumekaa chini ya mwembe tunagombana kuhusu taka ambazo hazijazolewa wiki tatu, mzee mmoja akanyoosha mkono akasema, "Wanangu, nyie mnalia na wiki tatu, sisi tulikaa na moshi wa taka za jiji zima mlangoni kwetu, mpaka tukaenda mahakamani." Kumbe mzee enzi hizo alikuwa anakaa kule kule Tabata.

Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, na ni kweli kabisa. Jiji la Dar lilikuwa linamwaga taka Tabata, zinaungua, moshi, harufu, nzi, na mwaka 1988 wakazi wakalishtaki jiji Mahakama Kuu na wakashinda. Jiji likawa linarudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, Jaji Lugakingira akakataa, akasimamia ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi, na akashangaa inakuwaje mamlaka ya umma inakuja kuomba kibali cha kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Nilisoma hapo mara mbili. Watu wa kawaida tu, wenye nyumba zao na watoto wao, walifanya hivyo.

Sasa angalia kilichofuata. Magari yakahamia Kunduchi Mtongani, 1991 wakazi wa kule nao wakaenda Mahakama Kuu, nao wakashinda. Ikaja Vingunguti. Ikaja Mtoni. Ikaja Pugu Kinyamwezi, kilomita kama 30 kutoka katikati ya jiji, ambako ndo malori yanaelekea sasa hivi. Yaani kila mahali watu wanapochoka, mpango unakuwa ni kutafuta mahali pengine palipo mbali zaidi na wenye sauti ndogo zaidi. Swali linaloulizwa ni lile lile, tuzipeleke wapi, na mimi naona hapo ndo tulipopotelea toka mwanzo, kwa sababu hakuna anayekaa mezani akauliza kitu gani kisipande lori kabisa.

Nirudi kwenye wiki tatu zetu. Mkandarasi wa kuzoa taka mtaani kwetu hakuonekana wiki tatu mfululizo, viroba vimepangwa nje ya mageti, kunguru wamevichana, mvua ikanyesha, maji yakabeba kila kitu mpaka mtaroni na wenzetu wa bondeni ndo wakayapokea. Kwenye mkutano watu wakamshukia mwenyekiti. Ila kijana wa mkandarasi alikuja, akasimama akaongea kwa utulivu na mimi nilimsikiliza, akasema nyumba zinazolipa hazifiki nusu, kila nyumba elfu tatu kwa mwezi, dizeli imepanda, lori likienda dampo linakaa foleni saa nyingi, mvua ikinyesha njia inakuwa tope linazama, kwa siku wanapata tripu moja. Dada mmoja akamjibu, "Kaka yangu, mimi silipi kwa sababu huji." Naye akasema, "Dada yangu, siji kwa sababu hamlipi." Wote wawili wanasema kweli na hapo ndo mfumo wenyewe ulipokwama.

Utaratibu huu wa kampuni na vikundi kuzoa taka ulianza Dar mwaka 1994, zamani jiji lilikuwa linazoa lenyewe na likashindwa. Siupingi. Lakini mkandarasi analipwa kwa nyumba, hafaidiki chochote mimi nikitenganisha taka zangu, kwake kiroba ni kiroba, vyote anavimwaga pamoja kwenye lori. Kwa hiyo hata wale majirani wachache waliokuwa wanatenga chupa huku na maganda kule waliacha, maana waliona kwa macho yao vinavyochanganywa, nani atajisumbua?

Baada ya ule mkutano nikaamua kupima taka za nyumbani kwangu. Tuko watu watano. Nikaweka ndoo mbili jikoni, moja ya vitu vinavyooza, maganda ya ndizi, mabaki ya ugali, mboga, majani ya chai, mifupa ya samaki, na nyingine ya vilivyobaki, nikaazima mizani kwa muuza mkaa nikawa napima kila Jumapili. Mwezi mzima tulitoa kilo 58, na kilo 41 zilikuwa za ile ndoo ya kwanza. Arobaini na moja! Na hiyo ndo inayonuka, ndo inayoleta nzi na panya, ndo yenye maji yanayomwagika njiani kutoka kwenye lori. Wanaopima mambo haya kitaalamu wanasema taka za miji yetu zaidi ya nusu ni vitu vya jikoni na sokoni, sasa nimeona kwangu. Tunachoma dizeli mpaka Pugu kusafirisha maganda na maji, halafu yakifika yanarundikwa yanatoa gesi inayowaka moto.

Na si kwamba hakuna mfano. Kinondoni wana kiwanda Mabwepande, walishirikiana na jiji la Hamburg la Ujerumani, taka za masokoni zinageuzwa mbolea. Hapa hapa karibu, kata ya Bonyokwa, shirika la usafi wa mazingira la Nipe Fagio limefanya kazi na wakazi, watu wanatenganisha nyumbani, wazoaji ni wa hapo hapo kwenye kata, na kuna kituo ambapo vya kuoza vinaenda njia yake na vya kuuzika njia yake. Dodoma na Arusha walijengewa madampo ya kisasa Chidaya na Muriet, yenye tabaka la kuzuia maji machafu yasizame ardhini, na ni hatua kubwa, tena nawaonea wivu, ila hata hayo ukiyajazia maganda ya ndizi yatajaa mapema na utaanza tena kutafuta eneo.

Kuna watu wengine ambao kwenye mkutano wetu hawakutajwa hata mara moja nikaumia, wale wanaookota makopo. Alfajiri wameshapita, wana salfeti mgongoni, wanatoa chupa za plastiki, chuma, maboksi, wanapeleka kwa wanunuzi wa skrepa wanalipwa kwa kilo. Hao ndo urejelezaji wetu, hakuna mwingine mtaani kwetu. Hawamo kwenye mkataba, hawana glavu, hawana kitambulisho, na askari jamii wakiwaona wanawafukuza kama wezi. Mama mmoja anayepita kwetu kila Jumanne nilimuuliza angependa nini, nikidhani atasema hela, akasema, "Mwanangu, mkinitengea tu chupa zisiwe na mchuzi, inatosha." Toka siku hiyo namtengea, na majirani wawili wameanza.

Tena sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezipa halmashauri jukumu la kupunguza taka na kuhakikisha zinatenganishwa kule zinakozalishwa. Na serikali ikiamua jambo linawezekana, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019 na watu wakadhani soko litasimama, leo nani anaikumbuka? Watu walibadilika kwa sababu jambo lilikuwa moja, wazi, na kila mtu kuanzia mama ntilie mpaka supamaketi alijua tarehe.

Kwa hiyo nimeandika barua, nimempelekea mwenyekiti aipeleke kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na nataka iingie mapema kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Julai 1 lakini bajeti inafungwa miezi mingi kabla, ukichelewa unaambiwa subiri mwakani. Nimeomba kata itenge eneo dogo la kutengenezea mbolea, nyuma ya soko kuna kiwanja ambacho sasa hivi ni kichaka na watu wanakitumia kama jalala la usiku, maana soko peke yake linatoa maganda ya nanasi na majani ya kabichi ya kutosha kila siku. Halafu mkataba ujao wa mkandarasi uandikwe kwamba ndoo ya vya kuoza ina siku yake, na vinaletwa hapo kwa guta, siyo kwa lori, guta linaingia hata kwenye vichochoro vyetu ambako lori halijawahi kufika. Na waokota makopo waandikishwe, wapewe vitambulisho na kibanda cha kuchambulia pale pale kwenye kizimba cha taka. Ada ibaki elfu tatu ila atakayetenganisha alipe elfu mbili, hili la mwisho mwenyekiti amesema ni gumu, halmashauri ndo inapanga viwango, nikamwambia mwenyekiti naomba lipelekwe hivyo hivyo wakalikatae wao.

Afisa afya wa kata ameisoma, akauliza nani atasimamia harufu, swali zuri sana, kwa sababu mbolea ikikosewa inanuka kuliko jalala na watu wa nyuma ya soko watakuja juu, na wana haki, ni yale yale ya Tabata kwa udogo. Tumekubaliana tuanze na nyumba 20 na meza 6 za sokoni kwa miezi mitatu, tugeuze lile rundo kila wiki, tufunike na vumbi la mbao kutoka kwa mafundi seremala, tupime kila kilo na kuandika kwenye daftari, na wale majirani wanne wanaopakana na kiwanja wawe kwenye kamati na wawe na uwezo wa kusema simamisheni.

Jumamosi hii saa moja asubuhi tunaenda kufyeka na kupima eneo. Yule mzee wa Tabata amesema atakuja, amepewa kazi ya kushika daftari. Mwenye mizani ya kilo mia aje nayo, ya muuza mkaa inaishia hamsini.